Juu ya Jiko la Mkwe

Laptopu niliinunua Chuno, kwa fundi Chilumba:
bawaba moja imelegea, kitufe cha M hakipo.
Nimeifunga kwa mpira wa baiskeli kando ya usukani,
nimeivika mfuko wa unga, chumvi isiingie.

Ramani ikafunguka. Bahari nyeupe, nchi kavu ya njano,
na sisi: pembetatu nyekundu isiyozidi punje ya ufuta.
Tuliondoka Shangani na maboksi saba ya chanjo.
Dakika ya kumi na mbili tukapanda nchi kavu.

Ndiyo, kwa mujibu wa kioo
tulipasua ufuko wa Msanga Mkuu,
tukakata uwanja wa mpira katikati,
tukapita juu ya jiko la mkwe wangu, Bi Somoe,
bila hodi, bila kuvua viatu.
Nantonda alicheka hadi akakalia barafu ya chanjo.
Chini yetu maji yalikuwa maji,
mazito, ya kijani.

Waliopima hawakuwa waongo.
Wao walipima kwa jua na nyota,
mimi napimwa na vyuma vinavyozunguka juu ya mawingu;
kati ya vipimo viwili dunia imeteleza
mita mia na themanini.
Nikairudisha kwa kidole, kidogo kidogo,
kama mtu anayesogeza mkeka mgeni asichomwe na jua.

Zikabaki namba. Tano. Nane na nusu. Tatu.
Kila namba ni kamba iliyolowa mikononi mwa mtu,
akasema "tatu" kwa sauti, mwingine akaandika.
Wote wamekwisha kufa
na bado nawatii.

Kisha, upande wa mashariki, namba zinakoma.
Weupe mtupu.
Hapo ndipo Nassoro Makota alipopasulia boti mwaka juzi,
na hapo sote tunapaita Mwamba wa Chungu
kwa jinsi maji yanavyochemka yakianza kupwa.

Nikaweka alama, nikaandika jina.
Bila M, kioo kikasema: Waba wa Chungu.

Nitasahihisha, nilijiambia, Chilumba akipata kitufe.
Lakini Nantonda alikwisha kuinakili kwenye flashi,
akawagawia wenzake gatini, nao wenzao.
Wiki ya tatu, redioni, katikati ya mikwaruzo,
nahodha nisiyemjua, lafudhi ya Kilwa,
alikuwa akimfokea mwenzake:
"Kaa mbali, wewe! Hujui hapo ni Waba?"