Mstari wa Kazi

Karani wa chama cha akiba, hapa Langoni,
amenisukumia fomu juu ya kaunta.
Jina: Mwanaesha binti Famau.
Umri: sitini na tatu, kwa hesabu ya ukarimu.
Kazi: na hapo pana mstari
mfupi kuliko kidole gumba.

"Andika tu 'biashara', bibi.
Wengi huandika hivyo."

Biashara.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, meneja
wa wanaume saba na fidla moja.
Niligombana na wenye harusi wa Mkomani
waliodhani pilau ni malipo.
Nilimkalia Bwanaadi Kombo kitako hadi atunge,
maana hakutunga ila usiku wa kuamkia shughuli,
nyuma ya risiti za duka la mafuta ya taa:

    Mlango unao wewe, komeo ninalo miye.

Kaseti ikatoka. Mwezi wa pili
nikaikuta Mombasa, juu ya meza ya mtu, ganda jipya,
picha ya mwanamke tusiyemjua,
na mahali pa mtunzi pamepigwa chapa: Mapokeo.
Bwanaadi aliigeuza, akaigeuza tena.
"Mapokeo ni nani?" akaniuliza.
"Amenipokea lini?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma sheria,
usiku, umeme ukiwapo.

Kisha mtandao ukaja, na wakubwa wakatafuta
mtu wa pwani wa kujaza kiti kwenye kamati.
Nikakijaza. Miaka tisa.
Nani agawe majina, nani ayafute,
nani awe bawabu wa ile nukta kabla ya ke.
Wenzangu waliona nukta ni kitu kidogo.
Mimi nilifunzwa chuoni, kwa bakora:
nukta ikipanda juu ya herufi, ba huwa nuni,
na barua nzima husema jambo jingine.
Siku walipoleta neno "kikoa" nilicheka peke yangu.
Kwetu kikoa ni zamu ya kupikiana,
leo kwako, kesho kwangu,
na aliyekula bila kupika hujulikana kwa jina.
Niliwaeleza. Katibu aliandika:
mjumbe alitoa maoni kuhusu chakula.

Jeneva nilivaa soksi mbili mbili.
Siku nne tulibishana, hiyo ni "na" ama ni "au",
mtunzi na mrekodi, mtunzi au mrekodi,
na kila nilipofumba macho
nilimwona yule mtu na risiti zake.
Tulipata "na".
Watu wakapiga makofi, wakaenda kula.

Hundi ya kwanza ya mirabaha
ilifika Lamu siku ya arubaini yake.
Shilingi mia nne na sita.
Mjane akaniita, akanunua sukari ya khitma,
akanirudishia chenji mkononi
kana kwamba zilikuwa zangu.
Bado ninazo, zimo kidakani, ndani ya kikombe.
Sijui kama nilishinda.

Simu ya karani inalia.
Fidla. Naijua fidla hiyo,
uzi wake wa tatu ulilegea tangu safari ya Malindi
na hatukuwa na fedha za kuubadilisha.
Sauti inafika kwenye komeo, anaikata.

"Wimbo wa nani huo, mwanangu?"
"Ah, wa zamani tu."
"Zamani si mtu."

Anacheka, akidhani ni methali.

Navuta fomu. Naandika polepole,
herufi za kubanana, Bwanaadi Kombo,
na o ya mwisho inavuka mstari, inaangukia
kwenye kisanduku cha Matumizi ya Ofisi Pekee.

"Bibi, hapo ni pa kazi."

"Ndiyo," namwambia. "Ndipo."