Hatua Saba kwa Tano

Hatua saba kwa tano. Kipimo ni miguu yangu,
maana futi ya fundi Balola imekatika sentimita kumi za mwanzo,
yeye hujumlisha kichwani,
na kichwa chake cha Jumatatu si kile cha Ijumaa.

Kochi lilipanda ngazi za Kadutu juu ya vichwa vya vijana wawili,
katika tope la mvua ya usiku,
miguu hewani kama mbuzi wa mahari,
na majirani wote wakatoka kuona limevikwa kitambaa gani.
Rangi ya divai, mama Mugisho. Ndiyo, la watu watatu.
Mlangoni likagoma.
Tukaliinua, tukalilaza, tukalibembeleza.
Balola akang'oa fremu ya mlango badala ya miguu ya kochi:
"Miguu niliitia gundi mimi," akasema. "Mlango sikuutengeneza."
Mpaka leo tunaufunga kwa goti.

Sakafu yetu inateremka kuelekea ziwani.
Chungwa likikuponyoka dirishani
utaliokota chini ya redio.
Kwa hiyo kila kitu hapa kina kisigino:
meza, kipande cha ubao;
stuli, kizibo cha bia kilichopondwa;
na kabati, risiti ya kochi,
imekunjwa mara nane, mume wangu asije akaisoma.

Kabati ni la mama mkwe.
Milango miwili ya vioo, bilauri kumi na mbili
ambazo hazijawahi kukutana na mdomo.
Lori likipita kule chini barabarani
zinagongana polepole, kama meno ya mtu mwenye homa.

Vitambaa nimefuma mwenyewe kwa uzi mweupe,
kimoja kwa kila mgongo, kimoja kwa kila mkono wa kiti,
kimoja juu ya televisheni isiyowaka
(hata marehemu hufunikwa).
Rido nimezishona ndefu kuliko dirisha
ili mgeni adhani dirisha ni kubwa.

Lakini hayo yote ni ya mchana.

Saa tatu usiku stuli zinapanda juu ya kochi,
godoro linatoka nyuma ya mlango
na Ombeni, mtoto wa dada yangu, anatandika.
Alipofika kutoka Walungu alikuwa na miaka sita
na kiatu kimoja.
Nilimwambia: lala hapo, nyoosha miguu.
Nikachora chaki kichwani, nikachora chaki kisiginoni,
na kati ya mistari ile miwili
nikapiga marufuku fanicha.
Huo ndio mpango wa saloni yangu. Sina mwingine.
Wageni husifu: "Mmepanga vizuri, panapumua."
Siwaambii kwamba panapumua kweli,
usiku, mdomo wazi.

Kila Januari namlaza tena,
kila Januari chaki inasogea.
Kiganja. Vidole vitatu.
Mwaka ule wa surua, kidole kimoja tu.
Meza imerudi nyuma, redio imepanda ukutani,
ua langu la kopo lilihamia nje, likafa kwa baridi
au kwa hasira, sijui.
Mwaka huu visigino vimegonga kabati.
Bilauri zote kumi na mbili zikalia.

Cikuru anasema mtoto akunje magoti.
Miguu ya kochi hatukuikata,
nikamjibu, tukunje ya mtoto?

Mama mkwe anakuja Jumapili.
Nimezitoa bilauri, nimeziosha,
nimezipanga mezani, nitazijaza maji ya tangawizi.
Mama, nitasema, leo tunywee vyombo vyako.
Akishameza mara ya kwanza
nitaleta habari ya kabati.

Ila kabla watu hawajaliinua
nikumbuke ile risiti.