Somo la Mkia

Paka wetu anaitwa Chapati
kwa yale madoa ya kahawia, kama aliungua kidogo kwenye kikaango.
Alikuja ndani ya katoni ya maziwa kutoka soko la Mutindwa
mwezi ule panya walipotafuna sare ya shule ya jirani
na ploti yetu nzima, hapa Umoja, ikakosa usingizi.
Mbithe ana miaka mitatu na miezi mitano.
Habari za panya hana. Anachojua ni mkia:
kamba nzuri ambayo, ukiivuta, inalia.

Jumamosi nilimkuta amemtia paka kwenye beseni la nguo,
povu la sabuni hadi masikioni.
"Namwosha, mama. Ni mchafu."
Na mkononi mwake mistari mitatu myekundu,
imenyooka kama ya daftari.
Ndipo akalia. Chapati akachomoka, akakimbilia chini ya sinki,
akajikunja, maji yanamchuruzika, nyuma ya mtungi wa gesi.

Niseme ukweli: neno la kwanza kinywani mwangu halikuwa zuri.
Nilivua kandambili.
Nikainama, nikalenga pale penye macho mawili ya manjano,
na nyuma yangu nikasikia kandambili nyingine, ndogo,
ya mguu wa kushoto, yenye picha ya kipepeo,
ikivuliwa.
Mbithe ameiinua. Amefumba jicho moja.
Ananisubiri nianze.

Nani alinifundisha mimi?
Kariobangi tulitoka shule na mawe mfukoni,
mbwa wa kwanza tuliyekutana naye alikuwa zoezi.
Watu wazima walipita wakisema tu,
msije mkavunja kioo cha mtu.
Kioo kilikuwa na mwenyewe.

Nikavaa kandambili yangu.
Akavaa yake, mguu usio wake.
Tukaketi sakafuni, suruali zikalowa povu,
huko chini muuza mayai akitangaza kwa kipaza sauti chake.

"Nipe mkono. Ufungue. Hapana, wote.
Ngumi haipapasi."
Nikampapasa kichwa, juu kwenda chini, polepole.
"Hivi unapenda?"
"Napenda."
"Na nikiushika msuko huu, nikaondoka nao?"
Sikuuvuta. Alijishika kichwa mwenyewe, kwa mikono miwili.
"Basi Chapati ana msuko mmoja tu," nikasema,
"na uko nyuma, asikoweza kuulinda."
Alifikiri sana. Kamasi ilimfika mdomoni akiwa bado anafikiri.

Tukaweka omena wanne kwenye kifuniko cha sufuria,
tukarudi nyuma, tukangoja.
Hapo ndipo pagumu, kwake na kwangu:
kutoita, kutofuata,
kumwachia paka neno la mwisho.
Mbithe alihesabu hadi kumi na moja, hesabu zake zikaisha,
akaanza tena moja.
Yakatoka masharubu. Likatoka sikio.
Akala watatu, wa nne akaondoka naye.

"Hajanipenda," Mbithe akasema.
"Amekula mbele yako," nikamjibu. "Kwa leo, hiyo ni salamu."

Usidhani mambo yaliishia hapo.
Jumanne mkia ulivutwa tena. Jumatano akavalishwa soksi.
Lakini Ijumaa nilirudi kazini nimechoka,
stima imepotea, kikapu kimenikata vidole,
na kitu laini kikanipita katikati ya miguu, nikayumba,
nyanya zikabingirika hadi kwa jirani,
na mguu wangu ukainuka wenyewe, kwa mazoea yake ya zamani.

Gizani, sauti:
"Mama. Mguu pia ufungue."

Nikaushusha.
"Mwambie pole."
Nikamwambia. Saa mbili usiku, mtu mzima, mwenye mkopo wa chama,
nimechutama mlangoni nikimwomba paka radhi.
Chapati hakujibu.
Alikuwa na pua yake ndani ya kikapu,
akitafuta omena.