Chagua Nchi

"Bibi, chagua nchi," ananambia Muadhi,
simu kaishika kama anipaye kikombe cha moto.
Nacheka. Mie, mjukuu wangu, mambo ya nchi
sijapata kuulizwa hata mara moja.
Nilikuwa na miaka tisa,
mtu mzima akanishika mkono, akasema twende.
Leo hapa Ibra, saa nne ya usiku,
kiyoyozi kinakoroma,
naletewa dunia nzima kwa vibendera.

Natafuta Unguja. Haimo.
Pemba ndiyo kabisa.

Muadhi anataka London, ina nyota tano.
Haya, London.
Zuwena anatokea, mdomo unakwenda,
sauti bado iko Ulaya inatafuta koti.
Nasema "Hujambo?" naye "Hujambo?"
kwa pamoja, kisha tunanyamaza kwa pamoja,
kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake.
Miaka mitatu ndiyo mazungumzo yetu hayo:
hujambo, sijambo, watoto wazima, alhamdulillahi,
halafu anaganda, jicho moja limefumba.
Utadhani tumestaarabika.

Singapore, basi. Imejaa pomoni.
"Nairobi," nasema mie, "ndiyo njiani.
Nani atokaye Ibra kwenda Chake akapitia Singapore?"
"Waya haziendi kama ramani, Bibi."
Nairobi inashika, inaachia,
inashika. Saa hizi kila mpishi, kila dereva,
kila yaya wa Maskati anapiga kwao
kwa mlango huohuo.

Hapo nikamnyang'anya simu.
Mie kila Jumatano niko soko la wanawake,
mwaka wa arubaini huu, haya nayajua.
Hukimbilii penye makelele.
Huendi kwa bibie wa mwisho kule
kwa kuwa bangili zake zinameta.
Unamtafuta wa karibu, mwenye wateja wawili watatu,
ambaye mizani yake haichezi.
"Nionyeshe namba."
Kumbe zipo! Pembeni, ndogo, za kijivu,
wala hajanionyesha siku hata moja.
London mia moja na arubaini.
Mumbai thelathini na nane.
Nikaitazama pale pale. Thelathini na nane,
thelathini na tisa,
thelathini na nane.
"Ndogo ndiyo ya haraka?"
"Ndiyo."
"Na isiyorukaruka ndiyo isiyokata?"
Akanyamaza. Kisomo chote kile cha chuo kikuu.

Nikabonyeza Mumbai.

Zuwena, wa baba mmoja mama mbali,
aliyebaki kwa kuwa mamake alikuwa wa kule,
akatokea na kanga begani, nyuma yake feni.
"Weye," akasema, na mdomo na sauti vikafika pamoja,
"hivi ile sahani ya buluu ya baba,
ulikwenda kusema nimeivunja mimi?"
"Si umeivunja?"
"Muongo!"
"Ulikuwa unailamba!"
"Nailamba ndiyo. Mkono uliosukuma wa nani?"
"Mkono gani?"
"Huo! Huo ulioshikia simu!"
Muadhi akataka kuingia kati, nikamwonyesha kiganja.
Mwache. Hajui huyu
nimeungojea ugomvi huu tangu utoto.

Salamu unaweza kuituma kwa yeyote, ifike lini ifike.
Ugomvi hauna subira,
unataka jibu kabla hasira haijapoa,
neno likanyage kisigino cha neno.
Saa nzima laini haikutikisika.
Tulitoka kwenye sahani tukaingia kwenye paka,
tukaingia kwenye gauni la Idi, tukamsema shangazi,
mara tukawa tunacheka, sijui tangu lini.

Kasoro robo saa sita akapunguza sauti.
"Hivyo, weye, uko wapi hasa?"
Juu ya kioo pameandikwa Mumbai.
"Hapa," nikamwambia.
Kisha, kwa kuwa ilikuwa imetulia hivyo
na hapakuwa na cha kusingizia:
"Na mkono ulikuwa wangu."