Malaika wa Kidevuni

Saa moja asubuhi, Tukuyu.
Ukungu haujaamua kama utakuwa mvua.
Nimeketi kwenye kigoda mlango wa nyuma, upande wa migomba,
kwa sababu taa ya jikoni ni mwongo:
hunipa miaka arobaini, nami nina sabini na moja.

Tunawaita malaika
vile vinyweleo vya mkononi vinavyosimama
ukitia mguu kwenye maji ya Kiwira.
Nilipokuwa msichana malaika wangu walikaa kimya.
Sasa wamehamia kidevuni
na wanataka kuonekana.
Mmoja mweupe, mgumu kama uzi wa katani,
huota palepale, kushoto, chini ya kovu,
kila baada ya siku tisa. Nimehesabu.

Jicho halimwoni. Kidole kinamjua.
Kanisani nampapasa wakati wa sala ndefu
na mchungaji hudhani natafakari.

Mwanamke mwenye ndevu atatajirika, alisema shangazi.
Basi utajiri huo ulipotea njia,
ukaingia kwa jirani.

Nina kibano. Angolwisye aliniletea kutoka Mwanjelwa
mwaka ule kahawa ilipolipa.
Akasema ni cha kutolea miiba.
Nikamjibu, ndiyo, miiba.
Miaka ishirini na sita niliamka kabla ya jogoo,
nikatia majivu vidoleni visiteleze,
nikang'oa gizani kwa kupapasa,
nikarudi kitandani kidevu kikiwaka
kama mtu aliyetoka kuiba.

Zamu zake za kulala nyumba ya chini
niliwaacha waote.
Hizo ndizo zilikuwa likizo zangu.

Nyumba ya chini alikaa Gwantwa.
Hatukusemeshana. Hata chumvi
tuliazimana kupitia watoto.

Matanga yalipokwisha alipanda na mwavuli,
mvua ya Aprili, akasimama penye tope,
akafungua kiganja.
Kibano. Pacha wa changu, kutu mahali palepale.
"Cha miiba," akasema.
Tulicheka hadi mbwa akatoka uvunguni.
Tulicheka vibaya, kwa wajane.

Sasa ni kila Jumamosi.
Miwani moja, sisi wawili.
Ananishika kidevu kama anayechagua parachichi sokoni.
"Tulia. Huyu ana mizizi mpaka Masoko."
Jicho la kushoto linatoa machozi, la kushoto tu,
yanatoka yenyewe, si ya huzuni.
Pumzi yake inanukia tangawizi na ndizi ya kuchoma.
Miaka yote ile sikuwahi kuusogelea uso huu:
ana alama juu ya mdomo, ndogo, ya zamani.
Nadhani najua mkono ulioiacha.
Siulizi. Na yeye hajaniuliza kuhusu kovu langu.

Wajukuu wanasema kuna krimu, kuna nta,
kuna msichana Mbeya mjini mwenye uzi,
elfu tano, dakika kumi, unatoka laini kama yai.
Sawa.
Aje basi huyo msichana kitandani kwangu
siku wanawake wa kanisa watakapokuja na beseni na sanda,
macho yao makali, midomo yao isiyofungwa.

Tumeshaelewana, mimi na Gwantwa.
Atakayebaki ataomba dakika tano na maiti.
Atafunga mlango. Atasogeza pazia, mwanga uingie.
Atatoa mwiba.

Leo nilimuuliza: na huyo atakayebaki,
wake watang'olewa na nani?
Alikipuliza kibano, akakitazama kwenye mwanga.
"Geuka," akasema. "Upande huu bado."