Neno la Kufungulia

Daftari langu linanuka sambaza,
kwa sababu hulificha chini ya ndoo
ambayo hata mwizi wa Birere hawezi kuigusa.
Ndani yake: benki, pesa za simu, barua pepe,
forodha, yule mtu wa vitenge wa Kampala,
akaunti kumi na nne.
Usiku ule mlima ulipowaka
nilikumbuka unga, nikakumbuka watoto wa jirani,
daftari nikalisahau.
Siku nane nikawa Sake, tajiri wa simu iliyozimika.

Mumbere, mtoto wa kaka yangu, anasema:
Shangazi, weka yote kwenye kasha la mtandaoni.
Neno moja tu la kufungulia. Mengine litayatunga lenyewe.
Liko wapi hilo kasha?
Ananyoosha kidole juu kidogo, juu ya bati,
kama mtu anayetaja aliko marehemu.

Wakifilisika je? Wakiibiwa?
Wapo wenzao waliowahi kuibiwa, anakiri,
na hilo linanipendeza. Mwongo asingelitamka.
Na ufunguo wa akiba, anao nani?
Hakuna. Ukisahau neno lako, Shangazi,
hata wao hawawezi kukufungulia.

Hapo nikanyamaza.
Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo tulivyolelewa;
kumbe ipo kata isiyojua inachochota.
Mlinzi wa bohari yetu ana funguo za milango yote.
Tunamlipa, tunamsalimia kwa mikono miwili,
na mvua ikinyesha usiku
ni yeye tunayemwaza, si mwizi.

Nikakaa nyuma ya nyumba, juu ya jiwe la lava,
simu mapajani, tangu saa kumi
mpaka umeme ukakatika mtaa mzima.

Sikumwambia Mumbere kilichonizuia.
Yote kumi na nne ni jina moja.
Ushindi, na mwaka aliozaliwa,
na alama ya mshangao pale benki ilipolazimisha.
Kila asubuhi kabla sijafungua duka
vidole vyangu humwita, herufi saba,
na mashine huitikia: karibu.
Hakuna pengine ninapomwita
mlango ukafunguka.

Kasha likatunga yake, herufi zimetapakaa
kama kokoto za Majengo baada ya mvua.
Nikabadilisha benki. Nikabadilisha forodha.
Kwenye barua pepe nikasimama kwanza, nikanywa maji.
Ya kumi na nne, akaunti ya redio ya simu
nisiyoifungua mwaka wa pili huu,
nikaiacha ilivyo. Aibe anayetaka.

Neno la kufungulia si jina.
Ni sentensi aliyoniambia siku moja
amekaa juu ya magunia ya makaa, kwenye chukudu,
akidhani ananifundisha kitu.
Nimeichapa gizani mara tatu bila kukosea.

Daftari nimelichoma, likachelewa kushika moto.
Ndoo ipo palepale.
Asubuhi nimeiinua tena, kwa mazoea,
nikaona sakafu.