Athari

Saa kumi na moja alfajiri, Mudhairib.
Zahran bin Shamis anazamisha mkono mferejini,
anaziba kwetu kwa jiwe na kipande cha gunia;
maji ya falaji yanageuka, yanaingia kwa jirani.
Haombi radhi, hatangazi.
Anatazama saa yake ya plastiki, anaandika daftarini,
anakohoa, basi.

Mitende yetu mitatu ya mwisho haijashiba.
Wiki yangu ya kwanza nilimwambia, "Ongeza dakika tano,
tajiri wangu ndiye mwenye shamba kubwa."
Akanitazama kama aliyesikia paka akiomba mkopo.
"Babu yake ndiye aliyetoa fedha za kuchimbua falaji.
Naye alifungiwa."

Hapa zamu ya maji, nusu saa, huitwa athari.
Nilicheka nilipolisikia. Kwetu athari
ni kile kinachobaki mtu akishaondoka.

Leo simu ina sauti ya dada yangu Mwavita,
ya chini, kama anayeongea ndani ya kabati:
"Wamepitisha. Saa nane usiku.
Wamefuta herufi moja tu.
Mengine yote yako palepale, hata nukta."
Kimya. Jogoo. Kisha:
"Walipiga makofi wamesimama.
Mmoja alikuwa amelala, wakamwinua kwa makwapa."

Ibara ile naijua. Mwalimu Bahenduzi
alitukaririsha darasa la saba, rula ikigonga ubao:
Baada ya mihula miwili, hatagombea tena.
Ondoa H, usome.
Herufi isiyo na mfupa, pumzi tu,
ile unayoipuliza kwenye kioo ili ukifute.

Naye aliapa kwa hiyo H, mkono juu.
Alisema zamu yake ikiisha atarudi kufuga nyuki.
Mama alibandika kalenda yenye picha yake jikoni;
miezi iling'olewa mmoja mmoja, picha ikabaki.

Mimi nina kadi mfukoni, miaka miwili,
tarehe ya mwisho imepigwa chini ya uso wangu.
Mpalilia mitende ana ukomo.
Tajiri akitaka nibaki, sharti apange foleni, alipe.

Ya hapa siyasemi. Mgeni mdomo wake una kitasa.
Na nchi hii haikuniahidi kura;
asiyeahidi hana cha kuvunja.
Kwetu waliahidi, kwa maandishi,
na Mwavita alihesabu karatasi usiku kucha kwa kandili,
vidole vyeusi kwa wino na masizi,
akatia sahihi fomu, akalia kwa furaha, mjinga yule, dada yangu.

Jumanne ilikuwa zamu ya Zahran mwenyewe.
Kiunga chake kina kiu kuliko chetu,
makuti yamekauka ncha kama nywele zilizoungua.
Nilikuwa nyuma ya ukuta, nakojoa, hakuniona.
Alitazama saa.
Akaitazama tena, kwa muda mrefu.
Nikasema moyoni: sasa.
Akaingiza mkono, jiwe, gunia,
akajifungia maji yake mwenyewe, akatukana kidogo,
akaandika.

Sikuwa na la kumjibu dada.
Nimeishusha simu karibu na mfereji,
nikamrekodia maji yanavyokata kona
kwenda kwa mwingine.

Amejibu kwa herufi moja: H.
Sijui ndiyo hiyo,
au kidole kiliteleza.